Kila Aliyekula Chipsi Mombo ni Mhandisi

Ukitaka kujua ni Watanzania wangapi wamewahi kupita Mombo, jenga Mombo sebuleni kwako. Watajileta wenyewe. Jirani aliyekuja kuazima ngazi atasimama mbele ya meza, atakunja uso na kusema, "Mbona hapa sipaelewi? Kona ile si ina mti mkubwa?" Fundi bomba aliyeitwa kuziba sinki ataacha maji yamwagike ili aje akuonyeshe mabasi yanasimama upande gani. Na shemeji yangu, ambaye maisha yake yote hajakaa Mombo zaidi ya muda wa kuchimba dawa na kununua chipsi, amenisahihisha milima. Milima, jamani. "Hii imelala," aliniambia, soda yake ikininginia juu ya stesheni yangu. "Usambara haijalala hivi."

Ningejenga Uswisi nisingepata taabu hii. Nani mtaani kwetu angebisha kuhusu Uswisi? Ningeweka mlima mweupe, kanisa lenye mnara na ng'ombe wawili wenye kengele, wageni wangesema "Maa shaa Allah" wakaendelea na chai yao. Lakini nimejenga mahali ambapo kila msafiri wa Moshi na Arusha amewahi kushuka kunyoosha miguu. Sasa kila atakayeketi kwangu ana haki ya kuzungumza, na anaitumia yote.

Mimi ni mtu wa treni za mezani. Wenzangu wa rika hili wana kuku wa mayai, wana viwanja Kibaha, wana vikundi vya kukimbia alfajiri na fulana za kufanana. Mimi nina reli. Imekaa juu ya plaiwudi, na plaiwudi imekaa pale palipokuwa na makochi. Mama watoto anaiita msiba, kwa maelezo kwamba vyombo vimetolewa barazani na watu hawaishi kuingia.

Kipimo ninachotumia ni 1:87, kile kinachoitwa HO, ambacho ndicho kilichoenea kuliko vingine vyote duniani. Mtu mzima anakuwa na sentimita mbili, behewa la mita 20 linakuwa na sentimita 23. Hadi hapo hesabu ni tamu. Inaanza kuchacha ukifika kwenye umbali. Tanga hadi Moshi kwa reli ni kilomita kama 350; gawanya kwa 87, unahitaji meza ya kilomita nne. Vilele vya Usambara vinavyopita mita 2,000 vinadai mita 23, maana yake nitoboe dari, nipite kwa mpangaji wa juu, nitoboe na la kwake, niendelee hivyo mpaka ghorofa ya saba, na nyumba yenyewe ina ghorofa mbili.

Kwa hiyo kila mjenzi wa vitu hivi anabana. Hata wale ndugu wa Hamburg, Frederik na Gerrit Braun, waliofungua Miniatur Wunderland mwaka 2001 ndani ya maghala ya zamani ya bandari, wenye treni zinazopita Uswisi, Italia na Marekani chini ya paa moja na watu wadogo zaidi ya laki mbili, nao wanabana. Milima yangu ya karibu ni lile povu jeupe gumu linalokuja na friji mpya, nimelichonga kwa kisu cha mkate na kulipaka jipsamu iliyobaki kwa fundi dari. Ya mbali ni rangi tu kwenye ubao wa nyuma. Na mlima wa mbali haupakwi kijani. Unapakwa buluu iliyochujuka, kwa sababu ndivyo hewa inavyoufanya, na jicho hudanganywa na rangi upesi kuliko urefu. Haya yote nilimweleza shemeji. Alisikiliza kwa adabu, akamaliza soda, akasema, "Sawa, lakini imelala."

Mama watoto ana swali moja tu, nalo ni la tarehe: msiba utaanuliwa lini? Mimi namjibu kwa historia. Wajerumani walianza reli hii Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha njiani, mwaka 1899 serikali yao ikaichukua. Korogwe wakafika 1902, Mombo 1905. Ni kilomita 130 hivi kwa miaka 12, nao walikuwa na himaya nzima nyuma yao. Arusha ilisubiri mpaka Waingereza walipoifikisha mwaka 1929. Mimi nina mshahara wa mwezi na Jumamosi jioni. Akisikia hivyo huondoka, na huko jikoni sufuria zinaanza kuwekwa chini kwa nguvu.

Ugumu wenyewe, ambao hakuna mgeni anayeujua, uko madukani. Ulimwengu wa treni ndogo umejengwa na watu wa kaskazini kwa ajili ya watu wa kaskazini. Kiwanda cha Faller kilianza mwaka 1946 katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, na vijumba vyake vinajua kabisa vilikozaliwa: paa kali la kumwaga theluji, roshani ya mbao, maua dirishani. Kuna pakiti za nyasi za majira ya kuchipua, za kiangazi, za vuli. Kuna majani makavu yaliyoanguka, yamefungwa kwa gramu. Kuna misonobari ya kila kimo. Kuna theluji ya kwenye paa na theluji ya chini, kila moja na kopo lake. Tafuta vumbi jekundu la Same mwezi wa Septemba, hakuna. Tafuta paa la makuti, utaletewa mwavuli wa hoteli ya ufukweni. Watu wadogo nao ndiyo usiseme. Wanauza watu wanaoteleza kwenye barafu, wanauza maharusi na mchungaji wao, wanauza hadi watu wanaoota jua uchi wa mnyama. Mama mwenye beseni la matunda damu kichwani anayekimbilia dirisha la basi, huyo hajatengenezwa.

Na ukiagiza hata hayo yaliyopo, kuna ofisi za mizigo. Sitaitaja ni ipi. Kijana wa dirishani alishika pakiti yangu kwa ncha za vidole.

"Mzee, hapa pameandikwa nyasi."

"Ndiyo, lakini ni za nailoni."

"Na hapa pameandikwa majani. Una kibali cha kuingiza mimea?"

"Mwanangu, ni plastiki hiyo. Haioti."

"Zote husema hivyo," alinijibu, na mpaka leo sijaelewa "zote" ni akina nani. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akafungua, akanusa, akaniangalia kwa jicho la kunipima akili, akauliza natumia kwa kazi gani. Nikamwambia napanda Mombo. Akashusha miwani. "Mombo unakaa upande gani?"

Tangu siku hiyo vingi najitengenezea. Hapa lazima nijisifu kidogo, kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu.

Nyasi, kwa mfano. Nyasi ndogo zinapaswa kusimama, si kulala, na kuzisimamisha Wazungu wanatumia kifaa chenye umeme mkali. Bei yake sitaandika, mama watoto anasoma safu hii. Lakini ndani yake hakuna kitu ambacho hakiuzwi pale kwenye taa za barabarani: raketi ya kuulia mbu. Raketi inachukua umeme mdogo wa betri na kuupandisha mpaka mamia ya volti, pengine maelfu. Unaifumua, unaunga waya mmoja kwenye chujio la chai la chuma, mwingine unaufunga kwenye msumari uliochomekwa kwenye gundi mbichi. Unaweka nyuzi za nailoni kwenye chujio, unabonyeza, unatikisa. Nyuzi zinapata chaji na kurukia gundi zikiwa wima, moja moja, na uwanja uliokuwa upara unaota nyasi mbele ya macho yako. Mbu wanaendelea kutula, chai inakuja na majani, lakini kando ya reli Mombo kumependeza.

Nyasi ndefu, zile za kando ya mtaro, ni kamba ya katani iliyokatwakatwa na kusimikwa kwa koleo la nyusi. Hili limenifurahisha kuliko yote, maana hata huko Ulaya wajenzi wengi hutumia kamba ya katani kwa nyasi ndefu na matete. Mkonge wenyewe, yale mashamba ya kuelekea Mazinde, nimeukata kwa karatasi nene: kila mmea milimita 17, kila mmea majani yake yamechongoka, na shamba si shamba bila mistari. Nilipomaliza mstari wa kwanza niliwaheshimu manamba wa mkonge upya.

Udongo ni wa kweli. Umechukuliwa kando ya barabara, umechekechwa kwenye soksi ndefu ya nailoni, umeokwa kwenye oveni ili wadudu wafe. Ndiyo, oveni hiyo hiyo ya keki, na hilo lilizungumzwa nyumbani kwa urefu. Ukishapoa unapitishwa sumaku. Watu wanadhani nafanya mbwembwe, lakini udongo mwekundu una chembe za chuma, na treni ndogo ina mota yenye sumaku. Chembe zikiingia humo kichwa cha treni kinaanza kukohoa. Sumaku nilitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Nilipoipitisha mara ya kwanza ilitoka na ndevu nyeusi, nikamwita kijana wangu aone sayansi. Alikuja, akatazama, akauliza kama ile redio ilikuwa imekufa kweli.

Kokoto za kati ya reli ni mchanga wa chembe nusu milimita. Unazipanga kwa brashi mpaka zitulie, kisha unazigandisha na gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukidondosha kwa bomba la sindano. Siri yake ni tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, tone la gundi linakaa juu ya vumbi limejikunja, linabeba kokoto mgongoni na kuzihamishia panapolipendeza. Ukitia sabuni linazama lenyewe bila ubishi. Ndiyo maana sabuni ya vyombo ikiisha nyumbani kwetu mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi, na mtu wa pili hayupo.

Bati la paa ni karatasi ya foili ya chipsi kavu, imekandamizwa juu ya bolti ndefu yenye nyuzi za karibu-karibu mpaka ipate mikunjo. Kutu yake inatokana na stilwaya iliyolowekwa kwenye siki siku kadhaa. Maji yake yanageuka kahawia, unapaka, unaacha, unapaka tena, kisha unamalizia na chaki iliyosagwa na masizi ya chungu. Mwanzoni mama watoto alikuwa anakosa siki ya kachumbari. Sasa ananunua chupa mbili na kuficha moja. Nimeshajua inakofichwa.

Mbuyu ni rafiki wa mvivu, kwani miezi mingi ya mwaka hauna jani. Waya za umeme zimesokotwa, zikavishwa karatasi laini ya chooni na jipsamu, zikapakwa kijivu chenye uwaridi kidogo, basi. Mnazi ndio kazi. Kuti lake ni unyoya wa kuku uliokatwa kwa mkasi pande zote mbili, ukapakwa kijani, ukakunjwa kidogo kwa ukucha. Nilitengeneza mmoja, ukatoka mzuri hata nikashindwa kuutupa, nikauweka nyuma ya stesheni.

Hapo ndipo aliponikamata mzee.

Mzee huyu ni mstaafu wa reli, anakaa mtaa wa pili, alianza kazi enzi za shirika la Afrika Mashariki lililovunjika mwaka 1977, na tangu asikie kwamba kuna reli sebuleni mwangu amegeuza nyumba yangu kituo chake cha kazi. Anakuja saa nne asubuhi za Jumapili, anavua kofia, anasalimia reli kabla ya watu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnazi huu umekuja Mombo na basi gani?"

Nikamweleza kwamba kuna Mmarekani mmoja, John Allen, aliyejenga reli maarufu nyumbani kwake Monterey, California, akawafundisha wajenzi wengi kwamba treni ndogo lazima ichafuliwe, ipakwe vumbi, kutu na mbao zilizopauka, ndipo macho yaamini. Na mtu huyo huyo aliweka dinosaria kwenye reli zake afanye kazi ya kupanga mabehewa, na aliheshimiwa mpaka alipofariki mwaka 1973. Mwenzangu kaweka dinosaria, hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nimeweka mnazi, naitwa kikao.

"Huyo alikuwa kwake," mzee akasema. "Wewe umesema hapa ni Mombo."

Kisha akatoa rula mfukoni. Mtu gani anatembea na rula siku ya Jumapili? Akapima upana wa njia, akaomba simu ipige hesabu. Milimita 16.5 mara 87. Jibu likaja 1,435.5. Akanitazama kwa huzuni ya daktari.

"Mwanangu, hii si reli yetu. Reli yetu ni mita moja kamili. Hii ni SGR."

Hilo nilikuwa nalijua, na nina utetezi. Treni yangu ililetwa na ndugu kutoka Ujerumani ndani ya sanduku la nguo, na treni za HO za kawaida zimepimwa kwa reli za Ulaya, ambazo kweli ni mita 1.435. Zipo za njia ya milimita 12 kwa ajili ya reli za mita moja, kwa sababu Waswisi nao wana reli za mita moja milimani kwao. Lakini vichwa vyake ni vyekundu, vimeandikwa maneno ya huko kwao ubavuni, na bei ya kimoja ni ng'ombe aliyenona. Nimeamua kubaki na hii. SGR ya serikali ilianza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024. Ya kwangu imekwishafika Mombo, na sijakopa popote.

"Na mataruma?" akauliza. "Hizi mbao zimetoka wapi? Wajerumani waliweka ya chuma. Mbao zingeliwa na mchwa kabla treni haijarudi." Ukweli ni kwamba reli za dukani zinakuja na mataruma ya plastiki ya rangi ya mti, kwa ajili ya nchi zisizo na mchwa wa kwetu. Basi nikakaa na brashi, nikipaka taruma moja baada ya jingine rangi ya chuma kilichochoka, mzee akiwa amekaa pembeni anakula mihogo yangu na kusema, "Lile umeliruka."

Hata hivyo hakuna mkaguzi aliyenitesa kama mama watoto kwenye suala la kanga.

Watu wadogo nanunua weupe, wasiopakwa rangi, kwa kuwa ni nafuu. Ukimpata bibi wa Kijerumani aliyesimama na mkoba, unamkata kofia, unamfungia kipande cha karatasi laini kilicholowa gundi kiunoni na kingine kichwani, ukikauka unaona kabisa kwamba bibi amehama. Kanga ya mita moja na nusu inakuwa milimita 17. Nilipaka pindo, nyeusi na nyekundu. Nilipaka mji, maua matatu ya njano kwa ncha ya sindano. Mkono ukiwa bado unatetemeka nikamwita mwenye nyumba aone. Akaja na miwani, akainama, akakaa hapo muda mrefu mpaka nikaanza kujivuna.

"Jina liko wapi?"

"Jina?"

"La kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Hii haina jina."

Nikamwambia herufi ya jina kwa kipimo hiki inakuwa nusu milimita, na yapo maneno matatu manne. Akasema, "Basi hiyo si kanga, ni kitambaa," akarudi jikoni.

Nilikesha. Nikachovya sindano kwenye rangi nyeusi, nikaweka safu ya vidoa vidogo-vidogo chini ya mji, ukiviangalia kwa kukunja macho vinaonekana maandishi. Asubuhi nikamwita tena.

"Inasemaje?"

"Haisemi kitu. Ni vidoa."

"Mwanamke gani anavaa kanga isiyosema kitu, tena stesheni, tena mbele za watu?" Akavua miwani akaifuta. "Andika: Umeoa reli, chai kamuombe stesheni masta."

Sikuandika, maana haiandikiki. Lakini yeye anajua ndivyo vidoa vinavyosema, na kila mgeni wa kike anayeingia anaonyeshwa yule mama wa sentimita mbili na kusomewa kanga yake. Wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kuhusu taa, nitapita haraka, maana nikianza sitamaliza leo. Kule Hamburg kompyuta inaleta usiku kwa ratiba, siku nzima inaisha ndani ya dakika 15, taa za mji zinawaka zenyewe. Kwangu usiku unakuja unapotaka, na hauji Mombo peke yake, unakuja na mtaa mzima. Wageni hukaa gizani wakisifu jinsi nilivyopatia.

Nilichotaka kueleza tangu mwanzo ni hiki: mambo yote niliyojenga kwa upendo, hakuna aliyeyaamini. Mbuyu ulipingwa. Milima, mnajua. Stesheni yenyewe ina kesi ya rangi ambayo haijahukumiwa, kwa kuwa kila aliyewahi kuiona anataja rangi yake. Mpaka Jumapili moja mzee alipoweka rula chini tena, safari hii kuanzia reli kwenda nje.

"Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande," akasema. "Ni sentimita ngapi hizo?"

Zilikuwa sentimita 17. Akaizungusha rula taratibu. Kibanda cha wakala wa pesa, ndani. Genge la nyanya, ndani. Mama ntilie na paa lake la nyasi, ambalo nililisuka kwa rasta za mabaki ya saluni, ndani. Nusu ya baa, ndani. Mji wangu wote, niliouotesha kwa chujio na siki, ulikuwa umevamia hifadhi.

"Zipigwe X," akaamuru. "Nyekundu."

Nilijaribu kubishana naye kwamba hao ni wananchi wangu. Hakusikia. Akashika brashi mwenyewe, mkono wa miaka sabini na ushei usiotikisika hata chembe, akapiga X ya kwanza kwenye ukuta wa genge. Nikapiga ya pili. Tukaendelea hivyo mpaka mihogo ikaisha.

Wiki hiyo jirani alipokuja kurudisha ngazi alisimama mbele ya meza, akavuta pumzi ya kuanza kunisahihisha, macho yakatua kwenye ile X. Akanyamaza. Akainama. "Hapo sasa," akasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwao. Fundi bomba akatingisha kichwa: "Dah, na huyu wa nyanya naye wamempitia?" Akauliza kama atalipwa fidia. Shemeji aliuliza walipewa siku ngapi kuondoka. Hakuna aliyetaja mnazi. Hakuna aliyetaja upana wa reli. Nyasi za umeme nilizozitolea jasho hawakuziona, jipsamu hawakuiona; X mbili-tatu za rangi ya mabaki ya kupakia geti zimewatosha. Mama watoto tangu siku hiyo ananiuliza lini bomoabomoa itafika kwenye meza yenyewe.

Limebaki kujengwa ghala la mizigo la stesheni, na hapa naomba msaada wa kweli. Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi kwenye njia ile ya Mombo Desemba 2019 baada ya miaka mingi, kwa hiyo picha za siku hizi si haba. Ninazotafuta ni za zamani, na naamini wengi mnazo bila kujua. Ziko kwenye albamu, chini ya nailoni iliyogeuka njano: shangazi amesimama Mombo, mkono kiunoni, anasubiri treni ya Tanga, na nyuma ya bega lake inaonekana nusu ya jengo. Shangazi ni mzuri, sina ubishi. Mimi nataka ile nusu ya jengo. Nataka kuhesabu madirisha, nione mlango unafunguka upande gani na bati lilikuwa na kutu kiasi gani. Mwenye picha hiyo aiache kwa mhariri kwenye bahasha, na aandike mwaka nyuma yake kwa penseli. Shangazi nitamrudisha mzima.